Mama anatetemeka kabla ya chakula cha mchana

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 67 na kisukari aina ya pili. Anatumia metformini na glibenklamidi. Siku hizi kipimo cha asubuhi kinasoma 5 hadi 6, naye anasema amepona, anataka kuacha dawa. Lakini kuna siku anatoka jasho, anatetemeka na kuongea ovyo kabla ya chakula cha mchana. Tufanyeje? – Binti yake, Tanga

JIBU: Nianze na jasho na kutetemeka, maana hayo hayangoji. Ni dalili za sukari kushuka mno, na ninayoishuku ni glibenklamidi. Kidonge hiki hulisukuma kongosho litoe insulini, hata kama mama ameshindia chai ya rangi. Figo za mzee zikipungua nguvu, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa aliyevuka miaka 60, na gliklazidi ndiyo inayopendekezwa. Mpeleke kliniki kesho, msingoje tarehe yake, na mbebe maboksi yote ya dawa. Kabla ya hapo, asiimeze glibenklamidi bila kula.

Hali ikirudi, mpime sukari. Ikiwa chini ya 4, au kama hamna mashine, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe. Pima tena baada ya dakika 15; akipata nafuu, ale. Akipoteza fahamu msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Hata akizinduka asiachwe peke yake, kwani sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.

Metformini hulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Ikitumiwa peke yake, ni nadra ishushe sukari hadi kiwango cha hatari. Wengi huiacha kwa sababu ya kuharisha. Ili kupunguza hilo, inywewe pamoja na chakula.

Kuhusu kupona: hiyo 5 au 6 ni kazi ya vidonge. Akiviacha kimyakimya, sukari itapanda bila maumivu yoyote huku macho, figo na mishipa ya miguu ikiharibika. Ombeni kipimo cha HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu. Kwa umri wake, na kwa jinsi anavyoshukiwa na sukari, daktari anaweza kuridhika na kiwango kilichozidi asilimia 7 kidogo, na hapo ndipo dawa inaweza kupunguzwa kwa usalama.