KUULIZWA HESABU SI KUTUKANWA



Katika somo la Uraia, mwalimu wetu alituuliza swali dogo: "Fedha za Serikali ni za nani?" Mmoja wetu alijibu kuwa ni za Waziri wa Fedha. Mwingine alisema ni za Benki Kuu. Wa tatu, aliyekaa nyuma, alisema ni za wakubwa, na darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alituambia kuwa jibu lile la tatu ndilo ugonjwa wenyewe, maana mtu akiisha kuamini kwamba mali ni ya wakubwa, hataona sababu ya kuiulizia inapopotea.

Ukweli ni kwamba fedha hizo ni zetu. Mzazi anunuapo mche wa sabuni dukani, kodi imo ndani ya bei ile. Kwa kodi hizo walimu hulipwa mishahara, madaraja hujengwa, na sisi wa kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za Serikali twasoma bila ada tangu Januari 2016. Kwa hiyo fedha ya umma ikiibwa, aliyeibiwa si mtu wa mbali. Ni mama yako na mama yangu.

Sheria zetu zasema hivyo hivyo. Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 yaeleza kuwa mamlaka ya Serikali yatoka kwa wananchi, na kwamba Serikali itawajibika kwao. Ibara ya 27 yampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Ibara ya 143 imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye sharti akague hesabu hizo angalau mara moja kila mwaka, na taarifa yake hupelekwa kwa Rais, kisha huwekwa mbele ya Bunge. Nayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yamtia hatiani mtoaji na mpokeaji, wote wawili. Basi mwananchi anayeuliza hesabu si mchochezi wala si mtovu wa adabu. Anatimiza wajibu aliopewa na Katiba.

Lakini mtu atauliza nini ikiwa hajui kiasi kilicholetwa? Hapa mwalimu alitupa mfano wa jirani zetu wa Uganda, nao umenikaa moyoni mpaka leo.

Serikali ya Uganda ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za msingi, kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, ili zinunue vitabu na mahitaji mengine. Katika mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi katika shule 250 za wilaya 18, ili kuona fedha zilizotolewa kati ya mwaka 1991 na 1995 zilifika wapi. Ilionekana kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa kwa ajili hiyo, kwa wastani shilingi 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Zilizobaki ziliishia njiani, hasa katika ngazi ya wilaya. Shule nyingi hazikupata hata senti moja, na wazazi hawakulalamika, kwa sababu hawakujua kwamba kulikuwa na fedha ya kudai.

Serikali ile ilifanya nini? Ilianza kutangaza katika magazeti kiasi cha fedha kilichopelekwa kila wilaya. Halafu kila shule iliagizwa kubandika ukutani karatasi yenye kuonyesha fedha ilizopokea, ili mzazi apitaye aisome. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zikifika shuleni. Wako wataalamu wasemao kwamba mageuzi mengine ya miaka ile nayo yalisaidia, na bila shaka ni kweli. Lakini hakuna ubishi kwamba mwizi hupenda giza, na karatasi ile ilikuwa taa.

Sasa, ndugu wasomaji, nataka kueleza jambo ambalo si la Uganda. Ni langu mwenyewe, na nimelifikiri sana kabla ya kuliandika.

Wakati ule mimi nilikuwa mtunza fedha wa darasa. Tulikuwa wanafunzi 40, na kila mmoja alitoa shilingi 1,000 ili tununue vitabu vya maswali ya mitihani iliyopita. Nilinunua vitabu vinne kwa shilingi 8,000 kila kimoja. Fedha iliyobaki niliiweka katika kopo ndani ya sanduku langu bwenini. Siku moja sikuwa na sabuni, nikachukua kidogo. Siku nyingine njaa ilinishika baada ya masomo ya jioni, nikanunua mkate. Kila mara nilijiambia kuwa nitarudisha mama atakapotuma fedha. Sikujiona mwizi hata kidogo.

Mwenzetu mmoja, mpole sana, aliniuliza mbele ya wengine, "Tumebakiwa na kiasi gani?" Nilimjibu kwa ukali, "Kwani mimi ni mwizi? Kama huniamini, chukua wewe kazi hii!" Akanyamaza, na wengine wakanyamaza. Nilifurahi kwamba nimeshinda. Leo naona kwamba hasira yangu ilikuwa ndiyo pazia nililojifichia. Ningekuwa na hesabu safi, ningejibu kwa maneno mawili tu.

Baada ya somo lile la Uganda, darasa liliamua kwamba nasi tubandike karatasi yetu. Kiranja akapiga mstari, akaandika: Mapato, shilingi 40,000. Matumizi, shilingi 32,000. Baki, shilingi 8,000. Kisha akaniomba nilete kopo. Ndani yake mlikuwa na shilingi 4,500.

Sitasahau kimya kile. Nilisimama nikasema kweli, kwamba shilingi 3,500 nimezila mimi. Wakati wa likizo niliuza mayai ya kuku wa nyumbani, nikarudisha zote. Darasa lilichagua mtunza fedha mwingine, yule mpole aliyeniuliza, na mimi nilimpigia kura. Mpaka leo karatasi yake hubandikwa kila mwisho wa mwezi, wala haoni kuwa anatukanwa.

Kwa hiyo nimejifunza mambo matatu, nayo nawapa wenzangu na wazazi wetu.

Kwanza, yatupasa kujua kiasi. Huko vijijini, Tanzania Bara, mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi, na sheria yataka mkutano huo ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Mzazi asiyehudhuria, kisha akalalamika kilabuni, hajasaidia kitu. Ahudhurie, aulize: Zimekuja ngapi? Zimetumika kwa nini? Stakabadhi ziko wapi?

Pili, anayeulizwa asikasirike. Kiongozi mwema hubandika hesabu kabla hajaulizwa, maana karatasi ile humlinda yeye pia na maneno ya uongo.

Tatu, anayeuliza asihukumu kabla ya kusikiliza. Mwezi Februari 2008, baada ya Kamati Teule ya Bunge kutoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akilalamika kuwa kamati haikumwita kumsikiliza. Jambo lile lilituonyesha mambo mawili. Maswali ya wawakilishi wa wananchi yaweza kufika hata juu kabisa. Lakini pia haki ya kusikilizwa ni ya kila mtu, mkubwa na mdogo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaitaka Serikali yetu ituwekee daftari wazi, kutoka wizarani mpaka kijijini, na iwachukulie hatua wale ambao wakaguzi wamewaona na makosa, ili taarifa zisisomwe tu na kufungiwa kabatini. Tuna haki ya kudai hivyo. Lakini sisi wanafunzi, ambao kesho ndio tutakaokuwa makarani, wahasibu na mawaziri, tuanze leo na kopo la darasa. Atakayeshindwa kutunza shilingi 8,000 za wenzake bwenini, asidanganyike kwamba atatunza mamilioni ya taifa ofisini. Nasema hivyo kwa kuwa mimi nilishindwa, na karatasi moja ukutani ndiyo iliyoniponya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne