MAJI YA MVUA NDANI YA GARI
Somo la kusoma nyumbani: Mambo ya Walawi 14:33–48

Masika yakianza, wenzetu wengi wenye magari hupatwa na jambo moja. Wakifungua mlango asubuhi huona zulia limelowa, na ndani mna uvundo. Mmoja huanika zulia, hunyunyiza manukato, na kuendelea na safari zake. Mwingine humwita fundi, naye hupaka silikoni pale penye doa. Mvua ya pili ikinyesha, maji yamerudi. Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuyafuata maji hayo mpaka pale yanapoingia, na jinsi ya kuyazuia.

Tusilione kuwa jambo dogo. Maji yakikaa chini ya zulia, sakafu ya gari huliwa na kutu bila mtu kuiona. Magari mengi ya siku hizi yana nyaya na vifaa vya umeme chini ya zulia na chini ya viti. Vikilowa, gari laweza kukataa kuwaka. Vioo hupata ukungu, dereva asione njia. Kuvu huota kwenye viti, na mwenye pumu huteseka. Na kama gari lenyewe ni la parokia, lililonunuliwa kwa sadaka za watu wenye kipato kidogo, nalo ndilo humpeleka mama mjamzito hospitali usiku wa mvua, basi kulitunza ni sehemu ya uwakili wetu.

1. Kuhani na nyumba yenye pigo

Katika sura tuliyoitaja hapo juu, Sheria ya Musa inaeleza habari za nyumba iliyoota madoa ya kijani au mekundu ukutani. Tuangalie utaratibu wake. Mwenye nyumba humwarifu kuhani. Kuhani huagiza vyombo vyote vitolewe kwanza, ndipo aingie kutazama. Akisha kutazama hapaki chokaa. Huifunga nyumba siku saba, kisha hurudi kutazama tena. Pigo likiwa limeenea, mawe yenye pigo hutolewa, kuta hukwanguliwa, huwekwa mawe mengine na udongo mwingine. Hata hapo haisemwi kuwa safi mpaka itazamwe tena.

Basi mambo ni manne: kutoa vitu, kutazama, kungoja, kutazama tena. Kupaka ni kazi ya mwisho. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walisema kweli. Lakini mtu hawezi kuziba ufa asioujua ulipo.

2. Tujue kwanza ni maji gani

Si kila maji yaliyo sakafuni ni ya mvua. Kama gari hulowa hata siku za jua, wakati kiyoyozi kinatumika, tazama mpira mdogo unaotoa maji ya kiyoyozi chini ya gari. Ukiziba, maji hayo humwagika ndani, miguuni pa abiria wa mbele. Kama maji yanateleza, yana rangi, na harufu yake ni tamu, huenda ni maji ya kupozea injini yanayovuja kutoka kwenye hita nyuma ya dashibodi. Hayo ni ya kupeleka kwa fundi upesi. Kama gari hulowa likipita kwenye madimbwi tu, lakini likiegeshwa mvuani halilowi, tazama vifuniko vya raba vilivyo sakafuni. Huenda kimoja kimeanguka. Yakiwa ni ya mvua kweli, tuendelee.

3. Mahali maji yanapoingia

Kwanza, mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale zilipofungwa waipa. Gari linalolazwa chini ya mwembe au mjohoro hujaa majani humo. Majani huziba matundu ya kutolea maji, maji hupanda, kisha huingia katika njia ya hewa na kushuka miguuni pa abiria.

Pili, milango. Wengi hudhani kuwa maji hayaingii kabisa ndani ya mlango. Sivyo. Mlango umeundwa ukijulikana kuwa maji yatapita kando ya kioo na kushuka ndani yake. Ndiyo maana chini ya mlango pana matundu ya kuyatoa, na nyuma ya ubao wa ndani pamebandikwa karatasi ya nailoni ili yasiingie kwa abiria. Matundu yakizibwa na vumbi na matope, au nailoni ikichanwa na fundi aliyefunga spika za redio, maji huangukia kwenye zulia.

Tatu, raba za milango na za buti. Raba iliyolala au kupasuka haibani tena.

Nne, paa: boliti za keria, shina la antena, na kama gari lina dirisha la paa, mirija inayotoa maji yake. Mirija hiyo hushuka ndani ya nguzo za gari, nayo huziba kwa vumbi.

Tano, nyuma: taa za nyuma na raba zake. Maji yakipita hapo hukusanyika pale panapowekwa tairi la akiba. Wengi hawafunui hapo mpaka siku ya pancha.

Sita, kioo cha mbele chenyewe, hasa kama kiliwahi kubadilishwa, au kama kutu imeota pembeni mwake.

4. Jinsi ya kutafuta

Toa kila kitu garini, kama kuhani alivyoagiza. Funua zulia, na chini yake utakuta sponji nene. Lisiposhughulikiwa sponji hilo hushika maji kwa majuma mengi, hata kama zulia la juu limekauka. Kausha yote. Kisha tandaza magazeti makavu sakafuni na ndani ya buti.

Sasa wanatakiwa watu wawili. Mmoja aketi ndani na tochi, milango ikiwa imefungwa. Mwingine awe nje na mpira wa maji usio na nguvu. Pasipo bomba, keni ya kumwagilia bustani yatosha. Usitumie mashine ya kuoshea magari, maana nguvu yake hupenyeza maji hata pale ambapo mvua haipenyi.

Anza chini, usianze juu. Mwagilia sehemu ya chini ya mlango mmoja kwa muda wa dakika tano hivi, kisha panda kwenye kioo, kisha kwenye raba ya juu, na mwisho paa. Ukianza na paa, maji yatateremka kila mahali kwa pamoja, wala hutajua ni tundu gani lililoyapitisha. Chukua sehemu moja moja. Aliye ndani akiona tone la kwanza apige kelele, naye wa nje asimame hapo.

Aliye ndani asitazame doa tu. Maji yakiingia hufuata waya, ukingo wa bati, au nguzo, yakaonekana mbali na mlango wao. Zulia la nyuma laweza kulowa kwa tundu lililo mbele, hasa gari likiegeshwa mahali penye mteremko. Kwa hiyo fuata unyevu kuelekea juu, kwa kidole na kwa tochi. Poda ya mtoto ikinyunyizwa kidogo mahali pakavu husaidia, kwa kuwa maji yakipita huacha mstari.

Kwa raba za mlango iko njia nyepesi. Weka kipande cha karatasi kwenye raba, funga mlango, kisha kivute. Kikibanwa, raba ni nzima. Kikitoka bila shida, hapo raba haikazi. Fanya hivyo kuuzunguka mlango wote.

5. Jinsi ya kuzuia

Mifereji na matundu: toa majani kwa mkono, kisha zibua tundu kwa mshipi mnene wa kuvulia samaki. Mirija ya dirisha la paa isipulizwe kwa upepo wa kompresa, maana yaweza kuchomoka mahali usipoweza kuifikia.

Nailoni ya mlango: ibandikwe upya kwa gundi laini isiyokauka. Raba: zioshwe kwa maji na sabuni, zilizokufa zibadilishwe. Taa za nyuma na boliti za keria: zifunguliwe, raba mpya ziwekwe, na skrubu zikazwe kwa usawa.

Kioo cha mbele tumwachie fundi wa vioo. Silikoni ya kuzibia bafu haifai hapo. Haishiki kwa muda mrefu, huizuia gundi halali isishike baadaye, na ile yenye harufu ya siki yaweza kuongeza kutu. Kutu ikiwepo isuguliwe kwanza mpaka bati safi, ipakwe rangi ya kuizuia, ndipo kioo kibandikwe.

Wengine hutoboa sakafu ili maji yapate pa kutokea. Tundu hilo litaingiza maji ya barabarani na kuzaa kutu. Kama maji ni mengi, chomoa kimoja cha vifuniko vya raba vilivyopo, kisha kirudishe. Anayetaka kung'oa viti amwite fundi, maana katika magari mengi chini ya viti zinapita nyaya za mifuko ya hewa ya usalama.

Ukimaliza usirudishe zulia siku ile ile. Ngoja mvua mbili tatu zinyeshe, ukiweka magazeti sakafuni. Yakibaki makavu, hapo ndipo useme gari ni zima.

6. Na sisi je?

Masika huanza Machi, nayo mara nyingi hutukuta katika Kwaresima, majira ya kujichunguza. Katika nyumba zetu na katika kanisa letu, mara ngapi tunapaka pale penye doa? Sadaka imepungua, basi tunahubiri juu ya utoaji Jumapili tatu mfululizo. Huenda maji yaliingia siku ile hesabu za parokia ziliposomwa haraka haraka na mtu aliyeuliza akanyamazishwa. Kijana ameacha kwaya, tunasema vijana wa siku hizi hawana imani. Huenda aliaibishwa mbele ya wenzake, wala hakuna aliyemwendea. Mume na mke wanagombana juu ya chumvi, na chumvi haina kosa.

Tena tumeona kuwa mlango wa gari hauharibiwi na maji yanayoingia, bali na maji yasiyopata njia ya kutoka. Mkristo hakuahidiwa kuwa mvua haitamgusa. Lakini tumepewa njia za kutolea maji: kuungama, kusameheana, kumwendea ndugu na kusema naye ninyi wawili. Majani yakijaa humo, hata mvua ndogo hutuozesha.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Kwa nini kuhani alingoja siku saba kabla ya kuamua? Sisi huamua baada ya muda gani?
2. Je, kuna jambo katika parokia yetu ambalo tumelipaka mara nyingi nalo hurudi? Limeanzia wapi?
3. Ni nani hukagua gari la parokia kabla ya masika? Kama hakuna, Halmashauri imchague nani?

Tuombe: Ee Bwana, utupe subira ya kutafuta chanzo cha kila kosa, na moyo mnyenyekevu wa kukubali tunapokikuta kwetu wenyewe, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.