Kutoka Cheti cha Daktari hadi Chungu cha Nyumbani: Kitabu cha Mapishi katika Milima ya Usambara

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anapotoka kliniki, aghalabu hubeba agizo moja fupi: punguza chumvi. Lakini mpishi wa nyumbani hapimi kwa gramu. Hupima kwa kijiko, kikombe na kiganja. Ushauri usiogeuzwa kuwa pishi huishia mlangoni mwa kliniki. Somo hili linaeleza namna ya kuufikisha jikoni kwa msaada wa kitabu cha mapishi. Mfano wetu ni makande, chakula kilichozoeleka Lushoto.

Vitabu vya kuanzia

Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania. Mwaka 2018, Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walitoa kitabu cha mapishi ya kawaida ya jamii, pamoja na virutubishi vya kila pishi. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mhudumu wa afya ndiye daraja kati ya kitabu na chungu.

Pishi kwa watu wazima watano

Chukua vikombe 2 vya mahindi yaliyokobolewa, kikombe 1 cha maharage, karoti 2, nyanya 3, kitunguu 1, vijiko 3 vya chakula vya mafuta, kijiko 1 cha chai cha chumvi na mafungu 2 ya mnavu au mchicha. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha kwa maji mapya hadi viive kabisa. Kaanga kitunguu, nyanya na karoti, changanya na makande, na utie chumvi mwishoni. Mboga za majani zipikwe kando kwa muda mfupi, kwa sehemu ya mafuta hayohayo.

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, muda. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Muda ulioandikwa na mpishi wa pwani hautoshi huku. Maharage yasiyoiva huweza kusababisha kutapika na kuharisha. Kipimo cha kuaminika ni ulaini wake, si saa.

Pili, chumvi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Katika pishi hili kila mlaji hupata gramu 1 hivi. Vidonge vya kuongeza ladha navyo vina chumvi nyingi, basi visiongezwe. Chumvi iwe yenye madini joto, kwa kuwa udongo wa milimani huwa na madini hayo kidogo.

Tatu, mboga. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti kuhusu nafasi ya mboga za majani za porini katika mlo wa watu wa Lushoto. Mboga hizo si chakula cha dhiki. Zina madini ya chuma na viini vya vitamini A, na mafuta kidogo huusaidia mwili kuvipokea viini hivyo.

Tahadhari

Mwenye ugonjwa wa figo apate ushauri wake mahususi, kwa kuwa maharage na mboga za majani vina potasiamu nyingi. Mwenye kisukari apunguze makande na aongeze mboga katika sahani yake.

Zoezi kwa mhudumu

Usimwulize mgonjwa, “Umepunguza chumvi?” Mwulize nani hupika, chungu hulisha watu wangapi, na pakiti ya chumvi humalizika baada ya siku ngapi. Kisha andikeni pamoja pishi moja la nyumbani kwake, kwa vipimo vya vyombo vyake. Mgonjwa asipikiwe chungu cha peke yake: humwongezea mpishi kazi na kuni, naye mgonjwa hujiona ametengwa. Chungu kilichorekebishwa huwafaa wote, wakiwamo wale ambao shinikizo lao halijapimwa bado.