Uyoga wa Kwenu na Uyoga wa Pande



Somo letu la mara hii linaanzia katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 38 hadi ya 41. Tafadhali fungueni Biblia mkasome kwanza, kisha tuendelee pamoja.

Huko Gilgali kulikuwa na njaa. Elisha akaagiza chungu kikubwa kiinjikwe kwa ajili ya wana wa manabii, na mmoja wao akatoka kwenda kondeni kutafuta mboga. Akakuta mmea wa porini unaotambaa, akajaza matunda yake katika nguo, akarudi akayakatakata chunguni. Kijana yule hakuwa mwovu, wala hakuwa mvivu. Maandiko yanataja upungufu mmoja tu, kwamba matunda yale hawakuyajua. Walipoonja ndipo wakapiga kelele kuwa chakula kina kifo ndani yake. Elisha akatia unga, chungu kikapona. Sisi unga huo hatunao, na msimu wa mvua ukiingia vyungu vyetu hupikiwa uyoga.

Wengi katika mtaa wetu hatukuzaliwa Pande. Tumekuja kutoka Masasi, Newala, Tunduru, Nachingwea na kwingineko, kwa kazi ya ualimu na uuguzi, au kwa kilimo cha ufuta na korosho. Kila mmoja alifika na ujuzi wa uyoga aliofundishwa na bibi yake, naye bibi alifundisha vizuri kabisa. Lakini alifundisha uyoga wa kwao. Mtu akikuta hapa Pande uyoga unaofanana na ule wa nyumbani, moyo humruka kwa furaha, naye huutia kikapuni bila kuuliza. Hapo ndipo hatari ilipo. Asiyejua uyoga wo wote haokoti. Anayeokota ni yule anayejua, na anachojua ni cha mahali pengine.

Jambo hili limewapata watu wa mataifa mengine pia. Mwaka 2015, katika mji wa Hannover nchini Ujerumani, wakimbizi wengi, hasa kutoka Syria, walilazwa hospitali baada ya kula uyoga waliouokota msituni. Waliuona kama uyoga mzuri wa kwao, kumbe ni ule ambao Wazungu huuita kwa jina la kifo. Ikabidi matangazo ya kuwaonya yaandikwe kwa Kiarabu. Huko Marekani pia wageni kutoka Asia ya Kusini-Mashariki wamedhurika na uyoga huohuo, kwa sababu ukiwa mchanga hufanana na uyoga unaoota kwenye mabua ya mpunga kwao. Watu hawa walikuwa na ujuzi, ila ujuzi wao ulikuwa umehama pamoja nao.

Basi tuondoe kwanza mafundisho ya uongo, maana nayasikia kila mwaka hata nje ya mlango wa kanisa. Wengine husema ukipika uyoga pamoja na kitunguu au sarafu ya fedha, kitu hicho kikigeuka cheusi uyoga una sumu, na kisipogeuka ni salama. Si kweli. Wengine husema uyoga ulioliwa na funza au konokono haumdhuru mtu. Si kweli hata kidogo. Konokono hula uyoga unaoua mtu naye akaendelea na safari yake. Yuko pia anayesema uyoga mweupe ni mwema na wenye rangi kali ni mbaya. Uyoga unaoua kuliko wote duniani una ndugu zake weupe pe, wazuri wa kutazama. Na msitegemee moto. Sumu ile mbaya kabisa haiondoki kwa kuchemsha, kwa chumvi, wala kwa kuanika juani.

Kama njia hizo zote ni za uongo, iliyobaki ni ipi? Ni kuujua uyoga wenyewe, mzima, kwa jina lake, kama unavyomjua mtoto wa jirani. Humtambui mtoto kwa kofia yake, maana kofia huvaliwa na kila mtu.

Kwa hiyo ukikuta uyoga usiung'oe kwa kuuvuta. Chimba kwa kijiti mpaka uone mwisho wa mguu wake. Tazama chini kabisa: je, umesimama ndani ya kitu kama kikombe au mfuko uliopasuka? Tazama katikati ya mguu kama kuna pete. Geuza kofia utazame zile ngozi nyembamba zilizopangwa kama kurasa za kitabu, uone zimeushika mguu au zimeuacha. Vunja kipande. Upo uyoga unaotoa maziwa, na upo unaokatika kama chaki bila nyuzi. Halafu, jambo ambalo wengi hulisahau, inua macho uone umeota wapi na chini ya mti gani.

Kikombe kile cha chini nakisisitiza. Anayekata uyoga kwa kisu juu ya ardhi huacha alama kubwa ya hatari imezikwa mchangani. Sasa dada zangu kutoka Masasi watanipinga, na wana haki, kwa sababu katika misitu ya miombo upo uyoga wenye kikombe ambao huliwa tangu zamani na ni mtamu. Ni kweli. Lakini aliye mgeni wa Pande, au anayejifunza, auache wote wenye kikombe. Kukosa kitoweo kimoja si msiba.

Uyoga wa vichuguu ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza, kwa sababu makao yake yanausaidia kujulikana. Mchwa hawa ni wakulima. Hukusanya majani makavu na vijiti, huvitafuna, na ndani ya kichuguu hutengeneza bustani ambayo kuvu hukua juu yake. Kuvu huyalainisha mabaki yale, nao mchwa hula. Mvua zikinyesha, kuvu hutoa uyoga unaopanda mpaka juu. Ndiyo maana ukichimba mguu wake huoni kikombe, bali mzizi mrefu unaoshuka kuelekea kwenye bustani. Kofia yake mara nyingi ina kichwa kilichochongoka katikati. Kilimo hiki ni cha kale sana: mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, wamepata mabaki ya bustani za mchwa yaliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka milioni 25. Na huko Zambia upo uyoga wa jamii hii ambao kofia yake yaweza kufikia upana wa karibu mita moja. Mtoto akijikinga mvua nao hatanyeshewa.

Uyoga mwingine huota chini ya miti ya miombo, na pia chini ya mkongo, kwa kuwa nyuzi zake zimeshikamana na mizizi. Mti huupa uyoga sukari, nao uyoga huusaidia mti kupata maji na chakula cha ardhini. Humo mna ule mdogo wa manjano, au wa rangi ya chungwa, wenye mikunjo inayoshuka mguuni, ambao akina mama wa kusini wote wanaujua. Ukikata miti yote usishangae uyoga huu ukitoweka, hata ungemwagilia maji.

Sasa jihadharini na viwanja vya mpira, nyasi za shule na kando ya barabara. Hapo baada ya mvua huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete mguuni, mara nyingine umejipanga kwa duara. Unavutia sana, lakini hutapisha na kuharisha vibaya, hasa kwa watoto. Njia ya kuufichua ni rahisi, na darasa la Kipaimara waweza kuifanya. Kata kofia ya uyoga uliokomaa, iweke juu ya karatasi nyeupe, ngozi zikitazama chini, funika kwa bakuli mpaka asubuhi. Unga utakaoanguka ndiyo mbegu zake. Unga wa uyoga huo mbaya ni wa kijani. Uyoga wa vichuguu huacha unga wenye wekundu hafifu. Lakini angalieni: unga mweupe si cheti cha usalama, maana wale wauaji wakubwa nao hutoa mweupe. Baada ya kazi hiyo oshe mikono, na bakuli lioshwe.

Mwaka 2003 kilitoka kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania, kilichoandikwa na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nawataja kwa sababu wasomi wale walikwenda vijijini kuwauliza wenyeji majina na matumizi. Kama maprofesa wameuliza, mimi na wewe tuone haya gani? Walimu wetu hapa ni bibi wa Kimachinga, wa Kimwera na wa Kingindo. Wengi wao ni majirani zetu Waislamu, na hawajawahi kumkatalia mtu anayewauliza kwa adabu. Nenda nao msimu mzima, wao wakiokota wewe ukitazama, kabla ya kupika ulichookota mwenyewe.

Ikiwa mtu amekula na sasa anaumwa, angalieni saa. Anayetapika mara tu baada ya chakula huwa mara nyingi amepata sumu isiyoua, ijapokuwa naye apelekwe kutibiwa. Anayeanza kutapika na kuharisha baada ya saa 6 au 12, pengine hata saa 24, yumo hatarini sana. Kisha hufuata siku ya udanganyifu: mgonjwa hupata nafuu, watu humshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani, huku sumu inaharibu ini. Siku ya tatu macho huwa ya manjano. Msingoje siku hiyo. Nendeni zahanati, na kutoka hapo Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Lindi, mkichukua mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa jalalani. Wote waliokula chungu kile waende, hata wasioumwa.

Nimesema juu ya ardhi, lakini anayeokota uyoga huinama, na aliyeinama haoni mbele. Msimu wa uyoga ndio msimu wa majani marefu. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer waliandika mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, watu walipolala mashambani kuwafukuza nguruwe mwitu, nao simba wakiwafuata nguruwe haohao. Baadaye, mwaka 2011, walionyesha kuwa siku zilizo mbaya ni zile zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu giza huingia kabla mwezi haujatoka. Basi msitoke kabla ya jua, rudini mapema, na mtu mmoja katika kila kundi asiokote, awe mlinzi wa kutazama.

Nyayo husomwa kama uyoga, yaani zima zima. Mguu wa simba hauonyeshi kucha, maana huzificha. Wa fisi huonyesha. Wa tembo wa mbele ni mviringo, wa nyuma umerefuka kama yai. Kama matone ya mvua ya usiku yamechapa juu ya unyayo, mnyama alipita kabla ya mvua. Kama kingo bado ni kali na umande umevunjwa, rudini mlikotoka. Na kichuguu chenye shimo kiacheni. Shimo huchimbwa na mhanga, lakini mhanga akihama huingia ngiri, nungunungu, au koboko. Ngiri huingia kinyumenyume, na akitoka hutoka kwa kasi, meno mbele. Utando wa buibui uliofunika mlango mzima wa shimo ni dalili nzuri, lakini mkono usiingizwe hata hivyo.

Nimalizie na kiumbe asiyemdhuru mtu. Jioni mkirudi sikilizeni miti. Huko juu ya Rondo, ambako mapadre wetu wengi wamesomea katika Chuo cha Mtakatifu Sipriani, yuko komba mdogo kuliko komba wote, uzito wake kama gramu 60, mkia wake kama brashi ya kusugulia chupa. Jina lake la kitaalamu limetokana na Rondo. Anaishi katika misitu michache tu ya pwani yetu, na mmoja wa misitu hiyo unaitwa Pande, lakini ni Pande ya karibu na Dar es Salaam.

Maswali ya darasa. Kwa nini aliyetia matunda chunguni hakumwuliza mtu ye yote kwanza? Taja uyoga mmoja unaoujua kutoka kwenu: unaota chini ya mti gani, na mti huo upo hapa Pande? Ni bibi gani wa jirani yako utakayemwomba akufundishe msimu ujao?