Tovuti Nyepesi, Jarida Lenye Ruhusa: Mwongozo kwa Wabunifu Chipukizi wa Kimisagara

Mbunifu chipukizi wa tovuti hupata kazi yake ya kwanza kwa jirani: fundi cherehani anayetaka mishono yake ionekane, saluni inayotaka kutaja bei zake, au kwaya inayotaka kutangaza ratiba. Ndivyo ilivyo pia Kimisagara, umurenge (sekta) wa Wilaya ya Nyarugenge nchini Rwanda, ulio jirani na kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Hapo kipo kituo cha vijana kilichoendelezwa kwa msaada wa UN-Habitat, ambako mafunzo ya kompyuta ni sehemu ya huduma. Kujua kuwasha kompyuta, hata hivyo, ni mwanzo tu. Mwongozo huu unaeleza mahali pa kujifunzia bure, namna ya kujenga ukurasa unaofaa simu za watu wetu, na jinsi ya kuendesha jarida la barua pepe kwa wenzako wanaojifunza kazi hii.

Kanuni ni moja: msomaji ndiye anayegharamia. Anatoa bando lake, macho yake na anwani yake. Hivyo vitatu vinastahili heshima.

Vyanzo vichache, vya kuaminika

Anayeanza hupotea kwa wingi wa masomo, si kwa uhaba wake. Chagua matatu tu. freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014, inafundisha hatua kwa hatua bila malipo, na mazoezi unayafanya ndani ya kivinjari. MDN Web Docs ndiyo kamusi ya kazi: ukisahau amri ya HTML au CSS, itafute hapo kwanza. web.dev ya Google inaeleza kasi ya kurasa na ufikivu kwa watu wenye ulemavu. Shika HTML na CSS vizuri kabla ya kugusa JavaScript.

Kwa kuandikia msimbo, Visual Studio Code ni ya bure, na ukishaisakinisha unaweza kufanya kazi bila intaneti. Fonti za Google Fonts zinaruhusiwa hata katika kazi za kulipwa. Kwa picha, jihadhari: picha iliyojitokeza unapotafuta Google ina mwenyewe. Tumia tovuti ya Nappy, inayotoa bure picha za watu weusi, au bora zaidi, piga mwenyewe picha za kazi ya mteja kwa ruhusa yake.

Jenga kwanza kwa ajili ya simu

Mwezi Mei 2010, Ethan Marcotte alichapisha katika jarida la A List Apart makala iliyobadilisha kazi hii. Alionyesha kwamba ukurasa mmoja unaweza kujipanga upya kulingana na upana wa skrini, bila kutengeneza tovuti mbili. Anza basi na skrini nyembamba, kisha ongeza mpangilio wa kompyuta.

Pima uzito. Picha moja kutoka kwenye kamera ya simu inaweza kufika MB 4. Watu 100 wakiifungua, wametumia pamoja MB 400 za bando kwa picha moja tu. Ipunguze upana hadi pikseli 1200, uihifadhi kwa muundo wa WebP kupitia Squoosh, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Kwa kawaida itashuka chini ya KB 200, na kwenye simu hakuna atakayeona tofauti. Kisha ipime tovuti kwa PageSpeed Insights: sehemu kuu ya ukurasa inapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5.

Usomekaji nao una vipimo. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka tofauti ya rangi kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hupendeza ukiwa ndani, lakini juani Nyabugogo hakisomeki. Toleo la 2.2, la mwaka 2023, linaongeza kwamba kitu cha kubofya kisiwe chini ya pikseli 24 kila upande, isipokuwa katika hali chache.

Usisahau lugha. Rwanda ina lugha nne rasmi, na Kiswahili kilipewa hadhi hiyo kwa sheria ya mwaka 2017. Kila ukurasa utaje lugha yake katika msimbo: rw kwa Kinyarwanda, sw kwa Kiswahili. Bila hivyo, programu inayowasomea wasioona inaweza kuyatamka maneno kwa lafudhi ya Kiingereza.

Anwani ya mteja iwe ya mteja

Kazi za mazoezi ziweke GitHub Pages, ambayo hupokea tovuti ndogo bila malipo. Biashara halisi inahitaji jina lake. Majina yanayoishia na .rw yanasimamiwa na RICTA na huuzwa na wakala walioidhinishwa. Liandikishe jina kwa mteja mwenyewe na kwa barua pepe yake, ukimwachia tarehe ya kulipia upya. Mkikosana au ukihama, asipoteze mlango wa biashara yake.

Kuanzisha jarida la barua pepe

Ukishajifunza, wagawie wengine. Jarida zuri la wabunifu si lundo la viungo. Toleo moja liwe na vitu vitatu: chanzo kimoja ulichokisoma hadi mwisho, ukieleza kinamfaa nani, mbinu moja uliyoijaribu, na nafasi moja ya kazi au mafunzo yenye tarehe ya mwisho. Mtaje mwandishi na uweke kiungo, usinakili makala yake nzima. Ukilipwa kutaja bidhaa, andika juu yake neno Tangazo.

Panga siku unayoweza kuitunza. Toleo la kila wiki mbili linalofika ni bora kuliko la kila wiki linalokatika. Epuka asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, watu wakiwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii.

Upande wa ufundi, zingatia haya:

- Tumia huduma ya majarida kama Buttondown, Brevo au Mailchimp. Kuwarundika watu kwenye barua moja ya kawaida huanika anwani za wote.
- Tuma kutoka kwenye domeni yako, ukiwa umeweka SPF, DKIM na DMARC, alama zinazothibitisha kwamba barua ni yako. Tangu Februari 2024, Gmail inawadai zote tatu wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku, lakini hata mdogo zinamwokoa na kikapu cha barua taka.
- Barua isizidi KB 100. Gmail hukata iliyopita takriban KB 102, na kinachofichika ni sehemu ya chini, penye kiungo cha kujitoa.
- Kujitoa kuwe kwa mbofyo mmoja, bila maswali.

Ruhusa ni sheria

Anwani ya barua pepe ni taarifa binafsi. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inailinda nchini Rwanda, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA. Usichukue orodha ya waliohudhuria semina ukaiingiza kwenye jarida lako. Mtu ajiandikishe mwenyewe, kisha athibitishe kupitia barua ya kwanza. Ana haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote, na aliye chini ya miaka 16 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Jambo linalosahaulika ni seva. Sheria hiyo inataka kibali cha NCSA ili kuhifadhi taarifa binafsi nje ya Rwanda, na huduma nyingi za majarida zina seva zake ng'ambo. Kabla ya kukusanya anwani, wasiliana na ofisi ya NCSA ya ulinzi wa data uulize kuhusu usajili na kibali.

Wiki hii, basi, tengeneza ukurasa mmoja wa jirani yako na uufungue kwenye simu ya zamani kuliko zote unayoweza kuazima. Kinachokwama hapo ndicho cha kurekebisha kwanza, na namna ulivyokirekebisha ndiyo makala ya toleo lako la kwanza.