Uaminifu Katika Nukta Moja



Kijana mwenzangu wa PCB, uwe Lusewa, Songea mjini au kwingineko: hapa kwetu mlango wa kusomea udaktari ni mtihani wa kidato cha sita. Na humo unaweza kukosa hata swali unalolijua vizuri kabisa.

Mfano: swali limetoa sentimita 5, kanuni inataka mita. Jibu ni 0.05, wewe kwa haraka unaandika 0.5. Mara kumi zaidi! Darasani umepoteza alama. Wodini je? Mtoto wa kilo 10, kwa miligramu 15 za paracetamol kwa kila kilo, anapewa 150. Nukta ikihama zinakuwa 1,500. Huyo ni mtoto wa mtu, jamani.

Ndo maana katika Luka 16:10 Yesu anaunganisha uaminifu katika jambo dogo na uaminifu katika jambo kubwa. Udaktari wako unaanzia kwenye daftari la leo.

Basi tufanye hivi:

1. Soma swali mara mbili. Pigia mstari linachotaka: taja, eleza au tofautisha.
2. Andika vizio kila hatua, siyo mwishoni tu.
3. Bakiza dakika 10 za kukagua, kuanzia namba yako ya mtihani.
4. Zoea hivyo kwenye majaribio yote.

Kisha mwombe Mt. Yosefu wa Cupertino, msimamizi wa wanaofanya mitihani, anayekumbukwa 18 Septemba, akuombee utulivu. Kukagua ni kazi yako.

Amina.