Mwaka wa kwanza wa bustani na kuku: kinga itangulie

Leo kona yetu nimewawekea mliohamia viwanja vipya huko pembezoni, Chanika, Kibaha, Mkuranga, Kigamboni, na kwingineko ambako bado pana nafasi ya kulima na kufuga. Nyumba imesimama, hata kama haijapigwa rangi, na sasa roho inataka mboga za uani na jogoo wa kuwika alfajiri. Dada yenu nawaunga mkono kwa moyo wote. Nyumba inayochuma mchicha wake na kuokota mayai yake haiyumbi sana mshahara unapochelewa.

Ila nisikilizeni kwa jambo moja, maana ndilo linalowavunja moyo wengi kabla mwaka haujaisha. Kila unachotaka kukiweka uani, kinga yake itangulie: uzio kabla ya mbegu, banda kabla ya kuku, chanjo kabla ya wingi.

Uzio nauweka mwanzo kwa sababu adui wa kwanza wa bustani ya mfugaji ni kuku wake mwenyewe. Tuta lililomwagiwa maji asubuhi kwake ni meza iliyoandaliwa; atalichakura mpaka mbegu ya mwisho. Zungushia fito, matete, makuti au nyavu kuukuu za wavuvi, chochote unachokipata kwa bei nafuu. Anayezoea kuruka, mpunguze manyoya ya bawa moja, atatulia.

Kisha maji. Jiulize kiangazi utamwagilia kwa maji gani, na nani atayachota. Jibu hilo ndilo likupangie idadi ya matuta. Matuta mawili yanayopata maji kila siku yatakulisha vizuri kuliko sita yanayokauka. Tuta liwe na upana wa mita 1 hivi, ufike katikati kwa mkono bila kulikanyaga.

Mwaka huu panda mboga za majani. Mchicha uko tayari ndani ya wiki tatu au nne. Changanya mbegu zake na mchanga mkavu unapozisia, zisirundikane mahali pamoja. Matembele hayahitaji hata mbegu, omba marando kwa jirani. Sukuma wiki unachuma majani ya chini, juu yanaendelea kuchipua. Najua macho yenu yako kwenye nyanya, kwa kuwa nyanya ina pesa. Zijaribuni miche michache tu, mjifunze. Mvua za masika huleta ugonjwa wa bakajani, na kiangazi mdudu kantangaze anatoboa majani na matunda. Si zao la kuwekea akiba yako yote ukiwa bado mgeni.

Sasa kuku. Anza na matetea watano wa kienyeji na jogoo mmoja. Msiwadharau, wadogo zangu, hao ni wengi. Tetea mmoja hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, huatamia siku 21, na wakitotoa wote utashangaa uwanja umejaa lini. Banda liwe na hewa ya kutosha, madirisha ya wavu, na vichanja vya kulalia. Usiku lifungwe barabara, kicheche hahitaji mwanya mkubwa. Chini tandika maranda au pumba za mpunga, na yakilowa yatoe. Kuhara damu kwa vifaranga kunapenda unyevunyevu, ndiyo maana masika ni msimu wa kuwa macho. Vifaranga wachanga wafunike kwa tenga mchana pamoja na mama yao. Sisi wa pwani tuna mwewe, na tuna kunguru, ambaye ni mwizi wa vifaranga asiye na aibu.

Ugonjwa wa kuuogopa kuliko yote ni kideri, wengine wanauita mdondo. Kuku anaharisha kijani, anapumua kwa taabu, shingo inapinda, na ndani ya siku chache banda zima linabaki na manyoya tu. Hauna dawa. Mwarobaini, pilipili, majivu, hakuna hata kimoja kinachouponya. Chanjo ipo, ni ya tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wanachanjwa kuku wazima, kabla ugonjwa haujafika mtaani. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku ulio nao, kwa hiyo jiungeni majirani, mchange, mchanje siku moja. Hilo lina faida kubwa kuliko mnavyodhani, maana kuku wa jirani akiugua, wako yuko njiani. Mwulize pia afisa mifugo kuhusu chanjo ya ndui na ya gumboro kwa vifaranga wako.

Kuku mgeni, hasa wa mnadani, asiingie bandani siku hiyohiyo. Mtenge wiki mbili umwangalie. Anayekufa kwa ugonjwa afukiwe shimo refu au achomwe. Asiliwe, wala asiuzwe.

Chakula kisiwe pumba za mahindi peke yake. Ongeza mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa ya mifugo, na majani yanayobaki bustanini. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape eti wao ni kuku tu. Yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo inaweza kurudi mezani kwako kupitia yai.

Bustani nayo ipate haki yake kutoka bandani. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi ni kali, inaunguza miche. Irundike na majani makavu, inyunyizie maji, igeuze kila baada ya muda, na uiache miezi mitatu kabla ya kuipeleka kwenye mboga.

Lipo pia la ndani ya nyumba. Kaa na mwenzako, na kama mnaishi na wazazi waite nao, mkubaliane yupi ni kuku wa mgeni na yupi ni kuku wa mbegu. Ukarimu ni mila yetu na siupingi. Ila tetea anayeatamia akichinjwa kwa sababu shemeji amepita kusalimia, hapo hakuna ufugaji. Na mayai ya mwanzo wapeni watoto kabla ya kuyahesabia trei za sokoni.

Nunua daftari. Andika mayai, chakula, vifo, tarehe za chanjo na kila shilingi iliyotoka. Mwaka wa kwanza usiudai faida, udai maarifa, na daftari ndilo litakaloamua kama mwaka wa pili uongeze matetea au matuta.

Basi wiki hii, kabla hujanunua hata kifaranga, nenda ofisi ya kata ukamwone afisa mifugo, umwulize chanjo ya kideri inatolewa lini mtaani kwenu. Ukirudi na tarehe hiyo, ndipo uanze kujenga banda.